Jeshi Liliuza Chuma, Likabaki na Maarifa

Lori la jeshi lililouzwa uraiani likiegeshwa mahali popote, iwe gereji ya Kigoma au sokoni Uvira, swali la kwanza ni lile lile: "Linavuta tani ngapi?" Mwenye lori hujibu kwa fahari kwamba linavuta chochote. Kwa upande wa injini hasemi uongo. Lori la ekseli 3, zote zikipokea nguvu, likitiwa gia ndogo litapanda mlima na tela lililojaa matofali, polepole lakini litafika juu. Swali la pili huwa haliulizwi: likianza kuteremka, linasimamisha tani ngapi?

Sisi tuliotoka Kivu tela tulizoea kuliita remoroki, na utingo kwetu ni konvoayeri. Nilianza kama konvoayeri, baadaye nikawa fundi wa breki, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia historia ya malori haya: yalitengenezwa wapi, yalivuta nini, yaliuzwa kwa nani. Katika historia hiyo naona jambo moja likijirudia. Jeshi likiuza malori yake, huuza chuma. Kitabu cha maelekezo, fundi aliyesomea, tela lililopimwa kwa ajili ya lori lile, na mazoea ya dereva, hivyo havipandi mnadani. Anayenunua hupata nguvu bila kupata namna ya kuizuia.

Tani mbili na nusu

Tuanzie Marekani, 1941. Hapo ndipo General Motors ilipoanza kutengeneza kwa wingi lori la jeshi lililoitwa GMC CCKW. Lilikuwa na injini ya petroli ya silinda 6 na ekseli 3. Mpaka vita vya pili vya dunia vinakwisha mwaka 1945, yalikuwa yametoka kiwandani malori zaidi ya 560,000 ya aina hiyo. Askari hawakuhangaika na jina refu, waliliita kwa uzito wa mzigo wake: mbili na nusu.

Tani hizo 2½ ndizo zinazowachanganya watu mpaka leo. Ni kipimo cha njia mbaya: matope, mchanga, shamba lililolimwa. Kwenye barabara ngumu lori lilistahimili zaidi ya hapo, na jeshi lilijua. Nyuma lilikuwa na ndoano nene ya chuma inayofungwa kwa pini. Kwenye ndoano hiyo lilifungwa tela la magurudumu 2 la kubeba tani 1, au mzinga wa milimita 105 wenye uzito wa zaidi ya tani 2.

Tela lile la tani 1 lilikuwa na breki ya mkono, ya kulizuia likiegeshwa. Likiwa mwendoni, dereva hakuwa na namna ya kulifunga breki kutoka kwenye kiti chake. Kila kilo ya tela ilisimamishwa na breki za lori. Injini ingeweza kuvuta kikubwa zaidi, lakini lori lilipewa tela ambalo breki zake zingelimudu. Huo ndio uliokuwa uhusiano kati ya lori na tela yake: vilipimwa pamoja, kama chungu na kifuniko.

Barabara ya duara jekundu

Mwaka 1944, baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kuingia Ufaransa, askari walisonga mbele haraka kuliko chakula, mafuta na risasi zilivyoweza kuwafuata. Reli zilikuwa zimepigwa mabomu. Ikaanzishwa njia ya malori peke yake, Red Ball Express, kuanzia tarehe 25 Agosti mpaka tarehe 16 Novemba 1944. Barabara moja ilikuwa ya kwenda, nyingine ya kurudi, na raia hawakuruhusiwa kupita humo. Siku za mwanzo, kazi ilipopamba moto, malori karibu 6,000 yalibeba zaidi ya tani 12,000 kwa siku moja.

Karibu robo tatu ya madereva wale walikuwa Wamarekani weusi. Jeshi la nchi yao wakati huo liliwatenga: kambi zao peke yao, vikosi vyao peke yao, na wengi hawakupewa nafasi ya kupigana kwa sababu walionekana wanafaa kubeba mizigo tu. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilikuja tarehe 26 Julai 1948, karibu miaka minne baada ya wao kulilisha jeshi zima.

Kanuni ilisema mwendo usizidi maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40, na kati ya lori na lori kuwe na yadi 60. Lakini mbele walikuwa wanangojea. Madereva wengi walifungua kile kifaa cha injini kinachozuia mwendo, wakaendesha usiku na mchana kwa kupokezana usukani. Malori ya tani 2½ yalibebeshwa hadi mara mbili ya kipimo chake. Matairi yalikwisha, mengine yakichanwa na makopo ya chakula yaliyotupwa barabarani na askari wenyewe. Breki zilikwisha. Watu walisinzia kwenye usukani.

Kwa nini basi njia ile haikuanguka siku ya tatu? Kwa sababu pembeni ya barabara kulikuwa na vituo vya mafundi, magari ya kuvuta yaliyoharibika, matairi mapya, spea. Lori lililokufa lilivutwa likatengenezwa au likabadilishwa. Mtu akiangalia picha za wakati ule anaona malori, na ndiyo yanayosifiwa. Mimi naona fundi aliyelala chini ya lori usiku wa manane, na dereva aliyejifunza kwa mikono yake kwamba lori lenye mzigo wa mara mbili halisimami pale linaposimama lenye mzigo wake. Elimu hiyo ililipiwa kwa usingizi na kwa damu.

Vita vimekwisha, mnada umeanza

Vita vilipoisha, Marekani ilijikuta na milima ya vifaa ambavyo hakuna aliyevihitaji. Mwaka 1946 ikaundwa ofisi ya kuviuza, War Assets Administration. Malori yakaenda kwa wakulima, wakata mbao, wajenzi wa barabara. Yaliyoachwa Ulaya yakabaki Ulaya. Nchini Ufaransa kampuni ya sarakasi ya Pinder ilitumia GMC za jeshi kuvuta matela yake mji hadi mji, kiasi kwamba watoto wa kule walinunuliwa vigari vya kuchezea vya malori yale. Lori lililozaliwa kubeba mizinga likawa linavuta mabehewa yenye simba.

Upande wa mashariki hadithi ilikuwa nyingine. Wakati wa vita Marekani iliipa Urusi ya Kisovieti malori mengi ya Studebaker US6, ndugu wa GMC, nayo ya ekseli 3. Warusi waliyasoma vizuri. Baada ya vita wakatengeneza ya kwao, ZIS-151, kisha ZIL-157, na Wachina nao wakachukua ZIL-157 wakatengeneza Jiefang CA-30. Kwa hiyo yale malori mazee ya Kirusi na ya Kichina, ukichimba ukoo wao, utakuta wana mjomba Marekani. Lakini angalia tofauti: Warusi hawakupokea malori tu. Walijifunza kuyatengeneza, na kwa hiyo maarifa yakahamia kwao.

Kongwa: chuma bila fundi

Huku kwetu Afrika Mashariki mfano mkubwa wa mabaki ya vita uko Tanganyika, na wengi wetu tunaishi katika nchi hiyo bila kuujua. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ambayo raia wake walikosa mafuta ya kupikia, iliamua kulima karanga kwa mashine kwenye zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Walianza Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo.

Mashine mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo wakatafuta mabaki ya vita. Walinunua matrekta ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yameachwa Ufilipino, mengi yameshapata kutu na uchovu. Kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru vya Sherman kikavigeuza kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mpango ulikuwa kwamba chuma kilichoshinda vita kitashinda pori.

Pori la Kongwa lina mibuyu, na ardhi yake ikikauka inakuwa kama saruji. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta 200 yaliyokuwepo yalikuwa hayafanyi kazi. Spea hazikuwepo, karakana hazikutosha, na waendeshaji waliwekwa juu ya mashine kabla ya kufundishwa vya kutosha. Januari 1951 mradi ulifungwa. Hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Kuna waliosema baadaye kwamba Waafrika hawakujua kutunza mashine. Sasa wewe jiulize: wengi wa madereva wa Red Ball walikuwa weusi, na malori yao yalitembea mchana na usiku. Tofauti ilikuwa kile kilichokaa pembeni ya barabara. Ufaransa kulikuwa na mafundi na spea nyuma ya kila lori. Kongwa kulikuwa na chuma.

Mahali pale pana mwendelezo unaotuhusu. Miaka ya 1960 Kongwa ilipokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na Nachingwea ikawa kambi ya FRELIMO. Na si mbali na Urambo ndipo ilipofunguliwa Ulyankulu, makazi ya ndugu zetu Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Si mbali na ardhi iliyowashinda matrekta ya vita, wakimbizi walilima kwa jembe la mkono, na ardhi ikatoa chakula.

Mipira miwili

Turudi kwenye tela. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilipata lori jipya la tani 2½, M35, lililobuniwa na kampuni ya REO. Lilitumika kwa miaka zaidi ya 40, likauzwa kwenye minada kwa maelfu. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa sababu humo unaona yale waliyojifunza yakiwa yamegeuzwa kuwa chuma.

Ndani ya kabati ya dereva kuna vibao vya bati vyenye namba. Mzigo: tani 2½ njia mbaya, tani 5 barabarani. Tela: kilo 2,700 hivi njia mbaya, kilo 4,500 hivi barabarani. Tela lake la kawaida, M105, likiwa tupu lina kilo 1,200 hivi, na mzigo wake wa njia mbaya ni kilo 1,360. Jumlisha: ni kilo 2,560. Linaingia ndani ya kipimo cha njia mbaya, na nafasi kidogo imebaki. Chungu na kifuniko tena.

Safari hii tela lina breki zake. Kwenye injini kuna kompresa inayojaza matanki ya upepo. Ukikanyaga breki, upepo unasaidia kusukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu. Nyuma ya lori mnatoka mipira miwili inayokwenda kwenye tela. Mmoja ni wa kazi: unapeleka upepo pale tu dereva anapokanyaga. Wa pili ni wa dharura: una upepo muda wote, na unajaza tanki dogo lililo kwenye tela lenyewe. Tela likichomoka na mpira wa dharura kukatika, valvu ya tela inahisi upepo umepotea, inafungua lile tanki dogo, na tela linajifunga breki lenyewe. Aliyebuni kitu hiki alimfikiria mtu anayetembea barabarani nyuma ya lori.

Hata hivyo mfumo huu una mipaka ambayo kila askari dereva alifundishwa. Upepo wa lile tanki dogo huvuja taratibu, na ukiisha tela linaachia. Kwa hiyo hata likijifunga, lazima uliwekee mawe kwenye magurudumu. Nyuma ya lori kuna vikoki viwili vya kufungia upepo, na vikiachwa vimefungwa, mipira imeunganishwa vizuri kabisa lakini tela halina breki. Na mafuta ya breki ya lori lenyewe, kwenye M35 nyingi, hupita njia moja tu: mpira mmoja wa gurudumu moja ukipasuka, pedeli inazama mpaka chini na magurudumu yote 6 hayashiki. Hapo umebaki na gia, na breki ya mkono inayoshika shafti.

Haya yote yaliandikwa kitabuni. Lori linapofika mnadani, kitabu kimebaki stoo.

Baada ya mnada

Mnunuzi wa raia hulifunga lori kwenye tela analolipata, mara nyingi la shamba au la kujichomelea. Pete ya tela ni nyembamba kuliko ile iliyokusudiwa, inacheza ndani ya ndoano, na kila ikigonga inajila. Taa za lori la jeshi ni za volti 24, za tela ni za volti 12, zinaungua siku ya kwanza, basi nyaya zinakatwa na tela linatembea gizani. Mipira ya upepo haina mahali pa kuingia, nayo inafungwa kwa waya.

Nimeyaona kwa macho yangu. Ngomo, ule mteremko kati ya Bukavu na Kamanyola, nilishuka mara nyingi nikiwa kijana wa miaka 17, juu ya lori la zamani la jeshi la mfanyabiashara mmoja. Nyuma tulivuta remoroki ya kreti za bia. Siku moja nilimuuliza dereva, mtu mzima niliyemheshimu: "Papa, hii mipira mbili ni ya nini?" Akanijibu: "Ile ni mambo ya basoda, siye hatuna nayo kazi."

Miezi michache baadaye, katika mteremko ule ule, remoroki ilianza kusukuma. Tela lisilo na breki linapoteremka huwa halifuati tena, linataka kupita mbele. Sehemu ya nyuma ya lori ikaanza kwenda upande, dereva akakanyaga, breki zikapata moto zikawa laini, na kwa ujasiri wake akaligonga lori kwenye ukuta wa mlima badala ya kuliacha liende upande wa bonde. Hakuna aliyekufa. Konvoayeri mwenzangu alivunjika mguu, na akawa kilema tangu siku hiyo. Watu wa pale walisema ni mlima, wengine wakasema ni shetani wa Ngomo. Mipira miwili ilikuwa bado imefungwa kwa waya, mizima.

Dereva yule simlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Aliyemuuzia bosi wake lori hakuambiwa pia. Mahali fulani, miaka mingi nyuma, kulikuwa na sajini aliyejua, na mauzo yakakatisha mnyororo hapo.

Kwa vijana, na kwa ndugu zetu wa mashirika

Vijana wa hapa kambini wengi wanataka kuwa madereva au mafundi, na malori ya zamani ya jeshi bado yanazunguka katika nchi zote hizi. Kwa hiyo nayaweka wazi niliyojifunza. Soma kibao kwanza, na ujue kipimo cha njia mbaya ndicho chako, maana njia zetu ni zile. Tela la magurudumu mawili, mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli, kwa sababu ukikaa nyuma utainua mkia wa lori na tela litayumba. Kabla ya safari unganisha mipira, fungua vikoki, sogea hatua kumi, kanyaga breki, na mwenzako aangalie kama magurudumu ya tela yameshika. Kisha chomoa mpira wa dharura kwa makusudi uone kama tela linajifunga. Ukiteremka, tumia gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, na uiingize kabla ya kuanza kushuka. Tela ambalo halina breki libebe kidogo sana, au libaki nyumbani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi. Gari, jenereta au pampu inapoletwa kambini, hasa ikiwa imetumika kwingine, ulizeni kitabu chake kiko wapi na nani atamfundisha mtu wa hapa kwa lugha anayoielewa. Kongwa walikuwa na pauni mamilioni na hawakuuliza hivyo mapema.

Na msitafute mbali. Hapa hapa tunaishi na watu waliotengeneza breki za upepo Bukavu, Kalemie na Bujumbura kwa miaka 20 au 30. Walipovuka ziwa hawakubeba vyeti, wengine hawakuwahi kuwa navyo, kwa hiyo kwenye fomu wameandikwa "hana ujuzi". Nawajua wanne katika zoni yangu peke yake. Wapeni lori moja bovu, chumba chenye paa, na vijana kumi. Kabla mwaka haujaisha vijana hao watajua kwa nini nyuma ya lori kuna mipira miwili.